Chura wa Kihansi na panya shamba: kwa nini mmoja analindwa na mwingine anategewa sumu

Ukikaa kwenye banda la kahawa mjini Moshi siku ambayo umeme umekatika tangu alfajiri, jina la chura wa Kihansi halikosi kutajwa. Hoja huwa ile ile: nchi ina shida ya umeme, halafu maji ya kuzalishia umeme yanaachwa yawanyeshee vyura. Akiwepo mkulima wa Kahe au Chekereni ataongeza la kwake. Panya wamefukua mbegu zake za mahindi mstari kwa mstari na hakuna aliyekuja hata kumpa pole, lakini chura asiyefikia urefu wa kidole alipandishwa ndege kwenda Marekani, akatunzwa miaka kumi, akarudishwa kwa ndege tena. Wote ni viumbe wadogo. Kwa nini huyu alindwe kwa fedha nyingi, na yule tuuziwe sumu yake sokoni?

Swali hilo ni la haki, na majibu linayopewa kwa kawaida hayaliridhishi. Watetezi wa mazingira husema "ni urithi wa taifa" wakaishia hapo, kana kwamba mkulima aliyepanda mara mbili msimu mmoja atashiba urithi. Jibu lenyewe lipo, ila linahitaji kujengwa polepole, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: katika siku zake nzuri, chura wa Kihansi alikuwa amejazana kwenye makazi yake kuliko panya wanavyojazana kwenye shamba la mahindi.

Tuwajue kwanza

Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Mbwa wote ni spishi moja, awe koko wa mtaani au mbwa wa polisi. Panya, kinyume chake, ni jina tunalowapa wanyama wa spishi nyingi. Anayewasumbua wakulima wa mahindi na mpunga nchini ni yule ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo humwita panya shamba, na jina lake la kisayansi ni Mastomys natalensis. Usimchanganye na panya wa darini, wala na panya buku, yule mkubwa ambaye kule Morogoro amefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya shamba mzima ana uzito wa gramu 50 hivi. Anaishi karibu kila mahali Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara: mashambani, vichakani, kwenye nyasi za pembezoni mwa njia, na hata ndani ya nyumba pale ambapo panya wengine hawajamtangulia.

Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, ana anwani moja tu duniani. Ni korongo la Mto Kihansi, kwenye mteremko wa Milima ya Udzungwa, kusini mwa nchi. Mto ule unaporomoka kwa nguvu, na chini ya maporomoko palikuwa na manyunyu yasiyokatika usiku na mchana, masika na kiangazi. Manyunyu hayo yaliotesha majani laini na kuvumwani kwenye miamba, na humo ndimo chura alimoishi. Eneo lote lilikuwa kama hekta 2. Kwa anayeujua mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ambako shamba moja la mpunga ni hekta 0.3, hayo ni makazi yasiyofikia mashamba saba.

Mwili wake ni wa rangi ya dhahabu. Jike haongezeki zaidi ya sentimita 3, na dume hafikii hata 2. Kinachomtofautisha na vyura tunaowasikia wakilia kwenye madimbwi ya Njoro au Kiboriloni ni uzazi wake. Vyura wengi hutaga mayai majini kwa maelfu, yakaanguliwa viluwiluwi. Huyu hutunza mimba tumboni na kuzaa vyura kamili, wadogo mno, wenye miguu yote minne. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba mtu akimtazama kwa chini anaweza kuwaona watoto ndani.

Sayansi haikumjua hadi 1996, na hilo nalo lina maana yake. Watafiti walikuwa korongoni kwa sababu ya mradi wa umeme, wakichunguza mazingira yatakayoathirika. Chura na bwawa vilianza kuzungumzwa karibu pamoja. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba chura aliibuliwa na watu waliotaka kuzuia umeme, wakati ukweli ni kwamba bila uchunguzi wa mradi huenda hadi leo asingejulikana wala kupewa jina.

"Hatarini" maana yake nini?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Wengi tunadhani mnyama aliye hatarini ni yule aliyebaki mchache, na asiye hatarini ni yule aliye mwingi. Idadi ina uzito wake, ndiyo, lakini haitoshi peke yake.

Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, ndilo linalotunza orodha ya hali za viumbe duniani. Hupanga kila spishi kwenye daraja: kuanzia wale wasio na sababu ya kutiliwa wasiwasi, kwenda kwa wanaokaribia hatari, walio hatarini, walio hatarini kabisa, waliotoweka porini na kubaki mikononi mwa watu tu, hadi waliotoweka moja kwa moja. Ili kuipa spishi daraja, wataalamu huuliza maswali mengi: idadi inapungua kwa kasi gani? Eneo inaloishi lina ukubwa gani? Liko sehemu ngapi? Je, tukio moja, liwe moto, ugonjwa au ujenzi, linaweza kuwafikia wote kwa mkupuo?

Fikiria wafanyabiashara wawili wa mitumba hapa Moshi. Mmoja ana mzigo wa mamilioni, lakini wote uko kwenye kibanda kimoja. Mwingine hana hata robo ya mtaji huo, ila amegawa: marobota machache Memorial, mengine Kiboriloni, mengine kwa dada yake Himo. Ukihesabu fedha, wa kwanza ni tajiri. Kibanda kikishika moto usiku mmoja, wa kwanza amefilisika na wa pili asubuhi anafungua biashara kama kawaida. Utajiri wa chura wa Kihansi ulikuwa wa aina ya kwanza. Panya shamba ni yule mwenye dada Himo, na shangazi Same, na binamu kila kituo hadi Afrika Kusini.

Kwenye orodha hiyo panya shamba yuko daraja la wasiotiliwa wasiwasi. Chura wa Kihansi alitangazwa 2009 kuwa ametoweka porini.

Sasa ile hesabu niliyoigusia mwanzoni. Juni 2003 vyura wale walikadiriwa kufika karibu 20,000. Gawanya kwa hekta 2 na unapata karibu 10,000 kwa kila hekta. Panya shamba, katika mwaka wa mlipuko mkali ambao wakulima wanalia na serikali inagawa sumu, huweza kuzidi 1,000 kwa hekta moja. Chura alimzidi mara kumi kwa msongamano. Aliyesimama korongoni mwezi ule angeweza kuapa kwamba kiumbe huyu hana shida yoyote. Mwanzoni mwa 2004, watafiti walipotafuta tena, waliwaona vyura watatu. Baada ya hapo wakaja kukosekana kabisa.

Kuanguka na kuinuka

Idadi ya panya shamba nayo huanguka, tena kila mwaka. Hili wakulima wanalijua ingawa hawalisemi kwa maneno hayo. Baada ya masika nyasi na mbegu zinapokuwa tele, majike huanza kuzaa, na kufikia miezi ya Agosti hadi Oktoba mashamba na vichaka vimejaa. Kisha kiangazi kinakaza, chakula kinakwisha, nyoka, bundi na vicheche wanafanya kazi yao, na wengi wanakufa. Panya shamba wachache mno hufikisha mwaka mmoja wa kuishi.

Tofauti yake na chura iko kwenye kuinuka. Watu husema panya anazaa watoto wengi kuliko chura, lakini kwa chura huyu si kweli sana. Jike wa Kihansi huzaa watoto kama 5 hadi 13 kwa uzazi mmoja, mara nyingine zaidi kidogo. Panya shamba huzaa 10 au 11 kwa wastani, ingawa ana chuchu zinazoweza kufika 24 na mara nyingine huzaa watoto wanaozijaza karibu zote. Kwa uzazi mmoja mmoja, viumbe hawa hawako mbali.

Kinachompa panya nguvu ni mwendo. Mimba yake ni siku 23 hivi, na anaweza kushika nyingine mara baada ya kujifungua. Binti zake wanaweza kuanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu ikiwa chakula kipo. Chukua jike mmoja aliyenusurika kiangazi: akizaa watoto 10, nusu wakawa majike, nao wakazaa 10 kila mmoja, tayari una wajukuu 50 kabla msimu haujaisha, na bibi mwenyewe bado anaendelea. Wengi watakufa, ndiyo, lakini wanaobaki wanatosha kuanzisha upya. Na pale ambapo shamba zima limesafishwa kwa sumu, panya wa shamba la jirani huingia ndani ya wiki chache. Mkulima aliyeweka sumu peke yake wakati majirani hawajaweka ameliona hili kwa macho yake.

Mvua za vuli ndizo zinazoamua ukali wa tatizo. Zikiwa nyingi, nyasi huota mapema, panya waliozaliwa mwaka ule hukomaa haraka na kuanza kuzaa kabla ya wakati wao wa kawaida, na msimu unaofuata huwa wa mlipuko. Uhusiano huo umechunguzwa kwa miaka mingi Morogoro, na una faida kwa mkulima kwa sababu vuli inaonekana kabla panya hawajaonekana.

Chura hakuwa na jirani wa kuingia. Hakuna korongo la pili ambalo vyura wangetokea kujaza nafasi.

Kilichotokea korongoni

Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180. Ili tulipime kwa kitu cha karibu, bwawa letu la Nyumba ya Mungu, ambalo watu wa Mwanga na Moshi wanalijua kwa samaki kuliko kwa umeme, lina megawati 8. Kihansi inapata nguvu yake kwa sababu maji yanashuka zaidi ya mita 800, kwa hiyo bwawa dogo linatosha. Bwawa lilipokamilika, miaka ya 1999 na 2000, sehemu kubwa ya maji, karibu asilimia 90, iliingizwa kwenye handaki badala ya kuporomoka korongoni. Manyunyu yakafifia, makazi yakakauka, na siafu ambao zamani hawakuweza kupenya kwenye ule ubichi wakaingia.

Mwaka 2000, kwa ruhusa ya serikali, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, na baadaye kugawanywa kwa nyingine. Wakati huo huo mfumo wa vinyunyizi ulijengwa korongoni, mabomba yanayoshusha maji kwa mteremko wenyewe bila pampu na kuyarusha kama manyunyu. Ulianza kufanya kazi 2001. Ulifaulu. Ile idadi ya karibu 20,000 ya Juni 2003 ilifikiwa chini ya vinyunyizi hivyo.

Halafu vyura wakaanza kufa. Kwenye miili yao ilikutwa kuvu inayoitwa kwa kifupi Bd, ambayo imeua vyura wa spishi nyingi katika mabara mbalimbali. Ngozi ya chura si ya kujifunikia tu. Kwa ngozi anapumua, anakunywa, na anapima chumvi za mwili. Kuvu hii hushambulia ngozi hiyo, chumvi za damu zinavurugika, na moyo unasimama. Haimwambukizi binadamu wala panya. Kipindi hicho hicho bwawa lilifunguliwa kusafishwa tope, na wapo waliohofia kwamba viuatilifu vya mashamba ya juu vilishuka pamoja na tope hilo. Wataalamu bado wanatofautiana kuhusu uzito wa kila sababu. Mimi naona hawahitaji kuchagua moja: kiumbe ambaye makazi yake yameshapungua na kubaki yale yanayolishwa kwa mabomba hana akiba ya kupambana na pigo la pili.

Yanayosemwa ambayo si kweli

La kwanza, kwamba maji ya vyura ndiyo yanayokata umeme. Kiasi kinachoachwa kwa ajili ya korongo ni sehemu ndogo ya mto, na sehemu kubwa inapita kwenye mitambo. Hata yale yanayoachwa yote yangeingizwa handakini, taa za Majengo au Pasua zisingeacha kuzimika, maana umeme unakatika kwa nyaya, transfoma, na ukame kwenye mabwawa mengi kwa pamoja. Isitoshe, fedha za mradi wa mazingira wa Kihansi hazikuwa za chura peke yake. Zilihusu pia utunzaji wa eneo la juu ambako mto unaanzia, na misitu ile ikifyekwa bwawa linajaa tope na mitambo inakosa maji. Hapo chura na TANESCO wana maslahi mamoja.

La pili, kwamba Wamarekani waliwachukua wakawafanya wao. Waliopelekwa waliendelea kuwa mali ya Tanzania. Na kazi ya kuwatunza haikuwa rahisi kama inavyodhaniwa. Kutoka wale 499, mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Waliugua minyoo ya mapafu na maambukizi mengine, na watunzaji walilazimika kujifunza upya aina ya mwanga, vitamini na vijidudu vya kuwalisha. Walipoelewa, vyura wakaongezeka hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, kwenye maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 vyura wengine wapatao 2,500 waliletwa na kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa amfibia, yaani kiumbe wa jamii ya vyura, aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake. Hilo lilifanyika Tanzania, na wataalamu wetu walikuwa mstari wa mbele. Sioni sababu ya kulionea aibu.

La tatu huulizwa sana huku kwetu: si wangehamishiwa tu Materuni, au maporomoko ya Marangu? Kule nako kuna manyunyu. Lakini maporomoko ya Kilimanjaro hupungua nguvu kiangazi, na pale ni juu na baridi zaidi kuliko Kihansi. Juu ya hayo, kuhamisha chura ni kuhamisha pia vimelea alivyo navyo. Ungeweza kupeleka ugonjwa kwa vyura wa mlimani.

La nne linamhusu panya: kwamba tukiwamaliza wote tutakuwa tumepona njaa na magonjwa. Hasara yake ni kubwa kweli. Mahindi yanayopotea kwa panya nchini hukadiriwa kufikia asilimia 15 ya mavuno. Simlaumu mkulima anayemchukia. Lakini kummaliza haiwezekani kwa sababu zile zile za mwendo wa uzazi na majirani, na si kila homa ni ya kwake. Baada ya mlipuko wa homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama) kule Lindi mwaka 2022, watu wengi walimtazama panya kama mkosaji pekee. Homa hiyo imechunguzwa kwa muda mrefu hapa Kilimanjaro, na watafiti walikuta vimelea vyake kwenye ng'ombe, mbuzi na kondoo waliochinjwa machinjioni. Anayefanya kazi machinjioni au anayekamua ng'ombe anahitaji glavu na mabuti kuliko anavyohitaji mtego wa panya.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kwenye mada hii yote. Bundi mmoja hula panya usiku baada ya usiku bila kumdai mkulima hata shilingi, lakini bundi akitua juu ya bati, watu wanaokota mawe. Nyoka asiye na sumu aliyeingia ghalani kufuata panya anapigwa hadi kusagika. Wengine tunawaua bila kukusudia: panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda hutembea siku kadhaa kabla hajafa, na ndege au paka anayemkamata siku hizo anaibeba sumu ile. Tunalalamika panya wamezidi huku tunawapunguza wanaowala.

Kwa mkulima wa tambarare, mambo yanayosaidia yanajulikana. Panya hufanya uharibifu mkubwa zaidi siku chache baada ya kupanda, anapofukua mbegu na kukata miche michanga, kisha tena mahindi yanapokaribia kukomaa. Sumu inayowekwa baada ya mbegu kufukuliwa imechelewa. Inasaidia ikiwekwa kabla ya kupanda, tena na mtaa mzima kwa siku zile zile. Kufyeka nyasi za kwenye mipaka na kingo za mifereji kunamnyima maficho. Kupanda pamoja na majirani kunagawa hasara, maana shamba linalotangulia peke yake ndilo linalokuwa mezani kwa panya wa kijiji kizima. Na vuli ikiwa nzito, anzeni maandalizi ya panya kabla ya kuandaa jembe.

Kabla hatujasema chura ni habari ya Morogoro na Iringa

Mkoa wa Kilimanjaro una vyura wake wa kibanda kimoja. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza spishi mpya za vyura wa jenasi Callulina (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu) kutoka Milima ya Upare. Mmoja anapatikana kwenye mabaki ya misitu ya Upare Kaskazini, ikiwemo Kindoroko wilayani Mwanga. Mwingine amepewa jina la mlima Shengena, kwenye msitu wa Chome wilayani Same. Hawana kwingine kwa kwenda: juu kuna kilele, chini kuna mashamba na joto la tambarare. Misitu hiyo hiyo ndiyo inayolisha vijito vinavyojaza ndiva, yale mabwawa ya jadi ambayo Wapare wamemwagilia kwayo tangu enzi za mababu. Mkaa na mbao vinavyotolewa humo kwa siri vinawagusa vyura na wakulima wa chini kwa pamoja.

Hawa wa Upare hawahitaji ndege wala maabara, kwa sababu makazi yao bado yapo. Wanahitaji msitu usifyekwe, na wanahitaji kuvu isiletwe. La pili liko mikononi mwa watu wengi wa Moshi na Arusha kuliko wanavyojua, maana kuvu ile husafiri kwenye tope na maji yanayobaki kwenye viatu. Anayeongoza wageni Kilimanjaro wiki hii na Chome au Udzungwa wiki ijayo anaweza kuibeba bila kujua. Kihansi, kila anayeingia korongoni husafisha viatu vyake kwa dawa kwanza. Anayehama msitu mmoja kwenda mwingine asugue tope lote kwenye soli, aoshe mabuti kwa dawa ya kuulia vijidudu, na ayaanike juani hadi yakauke kabisa kabla ya safari inayofuata.